Nyanya za kinyunguni na baridi ya Juni

Kamwene dada. Umeuliza kama nyanya ulizopandikiza kinyunguni, yaani kwenye bustani ya bondeni, huko Mafinga mwezi huu wa Mei zitavuka baridi. Sidhani. Usiku wa Juni na Julai hewa baridi huteremka na kutuama bondeni; jalidi, yaani umande ulioganda kuwa barafu, ikishika, asubuhi unakuta majani meusi kana kwamba yamemwagiwa maji ya moto. Mimi nilipoteza viazi kwa namna hiyo hiyo, tena vilikuwa vimeanza kutoa maua!

Bondeni weka kabichi, karoti na vitunguu saumu, samadi iwe imeoza kabisa. Miche ya nyanya ihamishie mteremkoni, na usiku ukionekana mweupe bila mawingu, ifunike kwa nyasi, uifunue jua likitoka. Kumwagilia ni asubuhi, si jioni.