Radi Isiyonguruma: Maswali Yenu Kuhusu Kidlat Tahimik

Mwezi uliopita nilimtaja kwa mstari mmoja tu Kidlat Tahimik, Mfilipino anayetengeneza filamu zake bila kampuni wala bosi. Mstari huo umeniletea barua nyingi kuliko makala yenyewe. Nimechagua sita.

Hilo ndilo jina alilopewa na wazazi wake? (Msomaji, Tanga)

Hapana. Wazazi walimwita Eric de Guia. Alizaliwa Oktoba 1942 huko Baguio, mji wa milimani kaskazini mwa kisiwa cha Luzon, ambao Wamarekani waliujenga ili wapate pa kukimbilia joto la Manila. Kwa Kitagalogi, lugha ya Ufilipino, kidlat ni radi na tahimik ni kimya. Ndilo jina la mhusika mkuu wa filamu yake ya kwanza, na yeye mwenyewe ndiye aliyemwigiza. Filamu ikaisha, jina likabaki.

Nasikia alikuwa mchumi mwenye kazi nzuri. Mtu anaachaje mshahara wa namna hiyo? (Mhasibu, Nairobi)

Alikuwa nayo kweli. Alisoma shahada ya uzamili ya biashara katika chuo cha Wharton, Marekani, kisha akaajiriwa Paris na OECD, shirika la ushirikiano wa kiuchumi la nchi tajiri. Mwaka 1972 akaacha.

Ila msidhani alitoka ofisini akashika kamera siku ya pili. Kwanza alijaribu biashara. Michezo ya Olimpiki ilikuwa inafanyika Munich mwaka huo, na mnyama wa kuitambulisha alikuwa mbwa mdogo wa miguu mifupi aitwaye Waldi. Yeye akaagiza kutoka kwao mapambo ya Waldi yaliyotengenezwa kwa kombe za baharini, akitumaini kuwauzia watalii. Biashara ikamfia mikononi, akajikuta amekwama Ujerumani. Akaishi na wasanii, akakutana na mwongozaji Werner Herzog, ambaye alimpa nafasi ndogo katika filamu yake ya 1974 kuhusu Kaspar Hauser, kijana wa ajabu wa Ujerumani ya karne ya 19. Huko ndiko alikojifunza kazi. Kwa hiyo, ndugu yangu, hasara ile ya mapambo ndiyo iliyompeleka kwenye kamera, na hakuisahau: karibu miaka kumi baadaye aliigeuza kuwa filamu nzima.

Nieleze hiyo filamu ya kwanza inahusu nini kabla sijamaliza bando langu. (Mwanafunzi, Dodoma)

Inaitwa Mababangong Bangungot, yaani jinamizi lenye manukato, na ilitoka 1977. Kijana dereva wa jeepney katika kijiji cha Balian anaipenda Marekani kupita kiasi. Ameunda hata klabu ya mashabiki wa Wernher von Braun, yule mhandisi wa roketi. Jeepney ni ndugu wa daladala na matatu: za mwanzo ziliundwa kutokana na jeep ambazo jeshi la Marekani liliziacha baada ya vita, zikapakwa rangi na kupambwa hadi zikawa za Kifilipino kabisa. Kijana anapelekwa Paris kuhudumia mashine za kuuza bablishi, na huko anaanza kuona bei halisi ya maendeleo aliyokuwa akiyaota.

Tazama vizuri mwanzo wake. Kijiji kina daraja moja, na kijana analivuka akivuta kijigari kwa kamba, kama sisi tulivyovuta magari ya makopo. Kisha anavuta kikubwa zaidi. Kisha anavuta jeepney yenyewe! Mimi nimeitazama sehemu hiyo mara nyingi na bado inanigusa kifuani. Hakuna maneno ya siasa pale, lakini historia yote ya nchi iliyotawaliwa na Wahispania kisha Wamarekani imo katika kamba ile.

Ilishinda tuzo ya wahakiki wa kimataifa katika tamasha la Berlin, na kampuni ya Francis Ford Coppola, mwongozaji maarufu wa Marekani, ndiyo iliyoisambaza nchini humo.

Ni kweli alitumia miaka 35 kutengeneza filamu moja? Si uzembe huo? (Msomaji, Mombasa)

Ni kweli, na si uzembe hata kidogo. Nakujibu kwa kirefu kwa sababu wewe wa Mombasa una hisa katika kisa hiki.

Mwaka 1979 alianza kupiga picha za filamu kuhusu Enrique, mtumwa ambaye Magellan, baharia Mreno aliyeongoza safari ya Wahispania ya kuvuka bahari kuelekea Asia, alimpata Malacca (Malaysia ya leo) mwaka 1511 na kwenda naye kila mahali. Magellan aliuawa na watu wa chifu Lapulapu katika kisiwa cha Mactan, Ufilipino, tarehe 27 Aprili 1521, kwa hiyo hakumaliza kuizunguka dunia. Kidlat anauliza: je, mtumwa wake ndiye aliyeimaliza, kwa kurudi nyumbani? Katika filamu, Enrique anafika kwa Waifugao, watu wa milima ya kaskazini mwa Luzon, na anayemwigiza ni Kidlat mwenyewe.

Kisha kazi ikasimama. Alikuwa na wana watatu, aliowazaa na mkewe Mjerumani, na alitaka kuwaona wakikua. Hakuiweka kamera chini. Miaka hiyo aliwapiga picha wao na nchi yao, hadi ikawa filamu nyingine ndefu. Aliporudi kwa Enrique, ndevu zilikuwa nyeupe. Filamu hiyo inaitwa Balikbayan #1, na toleo lake la 2015 lina picha za ujanani na za uzeeni ndani ya hadithi moja, na hakuna vipodozi vinavyoweza kuiga hilo.

Na hisa yako ni hii: kabla ya hayo yote, mwaka 1505, Magellan alikuwa askari kijana katika msafara wa meli za Wareno ulioongozwa na Francisco de Almeida. Ndio msafara ulioivamia Kilwa mwezi Julai na kuiteketeza Mombasa mwezi Agosti. Kwa hiyo Kidlat anapomnyang'anya Magellan sifa na kumpa mtumwa, anasema na sisi pia.

Mimi nina simu, laptopu mbovu na marafiki watatu. Nisubiri mfadhili? (Kijana, Mwanza)

Usisubiri, mwanangu. Kidlat aliwahi kuandika kuwa kuna filamu za tangi lililojaa na filamu za petroli ya kikombe. Mwenye tangi anafika haraka, kwa njia aliyoipanga. Mwenye kikombe anasimama kila mara, na akisimama anakutana na watu wanaombadilishia safari. Wewe umeshaona bodaboda akinunua petroli kwa chupa, unajua ninachosema.

Lakini nisikudanganye. Yeye alikuwa na elimu kubwa, na marafiki wa Ulaya waliomfungulia milango. Umaskini peke yake haufundishi sanaa. Anza na dakika tano za kitu unachokijua kuliko mtu mwingine. Na shughulikia sauti: filamu ile ya 1977 inabebwa na msimulizi aliyerekodiwa baadaye, kwa hiyo picha inayotikisika inasameheka. Tafuta chumba kimya, jifunike blanketi, rekodi maneno yako polepole. Ukimaliza niletee nitazame, ninasema kweli.

Naweza kuzitazama na watoto? (Mama, Zanzibar)

Bibie, anza na Turumba ya 1981. Inasimuliwa kwa macho ya mtoto aitwaye Kadu, ambaye familia yake hutengeneza wanyama wa karatasi kwa ajili ya sikukuu ya kijiji. Mnunuzi kutoka Ujerumani anaagiza maelfu ya Waldi, na nyumba inageuka kiwanda. Watoto watacheka mwanzoni, halafu watakuuliza kwa nini baba yake Kadu haimbi tena kwenye sikukuu. Ile ya 1977 itazame mwenyewe kwanza: ina tukio la jando, na halikufichwa.