Jibu: Mama kuombwa ajiunge na jaribio la dawa ya maumivu baada ya upasuaji

Wa alaykumu salaam, dada yangu wa Wete. Unahofia bimkubwa akiangukia kundi la dawa bandia, yaani ile isiyo na kiungo cha kutibu, inayotolewa kwa kulinganisha tu, atalala na kidonda bila ya kutulizwa. Majaribio ya aina hii hayaendeshwi hivyo. Mara nyingi makundi yote hupewa tiba ya kawaida, kama parasitamoli, kisha juu yake huongezwa dawa inayopimwa au ile bandia. Tena huwekwa dawa ya akiba: akiumia anaomba, anapewa. Watafiti huandika ameomba baada ya saa ngapi na kiasi gani, maana hicho nacho ni kipimo, pamoja na alama za maumivu anazotaja mwenyewe kutoka 0 (hakuna) hadi 10 (makali kabisa).

Kwa hivyo mwambie asivumilie kimya. Wazee wetu husema "alhamdulillah, sijambo" huku wameuma meno. Anajitesa, na matokeo ya utafiti hayawi sahihi. Ataje pia anavyoumia akikohoa au akigeuka, siyo akiwa ametulia tu.

Bandia inahitajika kwa sababu kidonda hupoa chenyewe siku zikipita, na matumaini pekee hupunguza maumivu; bila ya kulinganisha haitajulikana kama ni dawa iliyosaidia.

Kabla hajasaini, ulizeni dawa ya akiba ni ipi, usiku anaitoa nani, na kama kamati ya maadili ya utafiti imetoa kibali. Akiwa na vidonda vya tumbo au maradhi ya figo aseme mapema, dawa za maumivu kama diklofenaki zaweza kumdhuru. Akikataa, au akijitoa katikati, ni haki yake kuendelea kutibiwa vile vile.