Kabla ya kununua mashine, tengeni fedha za kuwatafuta waliopotea

Ndugu uliyeuliza, swali lako nimelisoma zaidi ya mara moja. Unaandaa pendekezo la utafiti wa watu wanaoishi na VVU ambao pia wanaugua kifua kikuu, hospitali zenu ni mbili, fedha ni chache, na unataka kujua ni kifaa gani cha maabara kinunuliwe kwanza. Nimekuwa muuguzi katika miradi ya aina hiyo kwa miaka mingi, sehemu kubwa ya muda huo nikiwa mfuatiliaji wa washiriki, na huenda jibu langu lisikupendeze: kabla ya kifaa chochote, tengeni fedha za kuwatafuta washiriki watakaoacha kuja kliniki. Mashine mnaweza kuazima, au sampuli mkazipeleka maabara ya jirani. Mshiriki aliyepotea hamna pa kumwazima.

Chukua hesabu ya kubuni. Watu 100 wameanza ARV, dawa za kufubaza VVU; mwaka unapoisha, 20 hawajulikani walipo, na kati ya 80 mnaowajua wamefariki 4. Mtakwimu mwenye haraka ataandika kwamba vifo ni asilimia 5, na jedwali litapendeza. Sasa tuseme kati ya wale 20 wamefariki 8. Vifo vimekuwa 12 katika watu 100, zaidi ya mara mbili ya kilichoandikwa, na hakuna aliyesema uongo. Hiyo 8 sikuiokota hewani. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2009, uliokusanya pamoja tafiti kadhaa za programu za ARV katika nchi zenye rasilimali chache, ulikuta kwamba takriban asilimia 40 ya wagonjwa waliopotea, ambao hatimaye hali zao zilijulikana, walikuwa wamefariki.

Najua utaniuliza mtawatafuta wote kwa fedha zipi. Hamhitaji kuwatafuta wote. Mwaka 2008 mtafiti Elvin Geng na wenzake walichapisha kazi waliyoifanya Mbarara, Uganda, ambako wagonjwa 829 walikuwa wamepotea katika ufuatiliaji. Badala ya kuwakimbilia wote na kuwapata wale wa karibu tu, walichagua sampuli ya watu 128 na kuwatafuta kwa nguvu zote, wakapata habari za 111, na 32 kati ya hao walikuwa wamefariki. Kila aliyepatikana alibeba uzito wa wenzake kadhaa ambao hawakutafutwa, na makadirio ya vifo vya kliniki nzima yakarekebishwa kwa njia hiyo. Ninaipenda mbinu hii kwa sababu inamlazimisha mtafiti aende hata kule barabara inakoishia, maana jina likishaingia kwenye sampuli huwezi kulibadilisha na la mtu anayeishi mkabala na hospitali. Miradi inayosema "tuliwapigia simu wote" kwa kawaida imewapata wenye simu, na mwenye simu inayopatikana mara nyingi ndiye mwenye nafuu.

Nikueleze tukio moja, kwa sababu ndilo lililonifundisha kwamba waliopotea si kundi moja. Katika mradi wangu wa kwanza nilipewa jalada la mama mmoja kijana ambaye alikuwa hajaonekana kwa miezi saba. Kwenye fomu ya anwani palikuwa na maneno "mlango wa bluu, baada ya kisima", na namba ya simu iliyokuwa ya kaka yake. Tulikwenda na gari la mradi, lenye nembo ubavuni. Alifungua mlango nusu, akatazama gari, akatazama majirani, kisha akatuingiza ndani haraka. Alikuwa mzima kabisa. Alitoa kopo la dawa na kadi ya kliniki nyingine, ambako alikuwa amejiandikisha upya kama mgonjwa mgeni kwa sababu kwenye foleni ya kliniki yetu alikuwa akikutana na wifi yake. Dawa hakuzikosa hata mwezi mmoja. Wakati tunaaga akaniambia kwa sauti ya chini, "Dada, mkija tena njooni kwa miguu."

Nilirudi na mambo mawili. La kwanza ni aibu ya lile gari, ambayo ilikuwa kosa letu wenyewe. Tangu siku hiyo sijawahi kukubali ufuatiliaji wa gari lenye nembo, wala kupiga simu nikaanza kwa kutaja jina la mradi kabla sijajua nani amepokea. La pili ni la takwimu. Mtu huyo mmoja alikuwa amehesabiwa mara mbili: kwetu alikuwa amepotea, kule alikuwa ameanza dawa kwa mara ya kwanza. Kliniki yetu ilionekana mbovu kuliko ilivyo, na ile nyingine ikajaza wagonjwa "wapya" ambao virusi vyao vilikuwa vimefubazwa zamani. Kadiri vituo vya kutolea dawa vinavyoongezeka, wanaojihamisha kimyakimya nao huongezeka, kwa hiyo asilimia 40 niliyoitaja hapo juu isichukuliwe kama kanuni ya kutumika kila mahali. Nendeni mkahesabu wa kwenu.

Kwa wagonjwa wako hasa, wenye VVU na kifua kikuu kwa pamoja, jambo la kuchunga ni siku. Programu nyingi zilizoea kusubiri siku 90 ndipo zimtangaze mtu kuwa amepotea. Kwa mgonjwa aliyetulia hilo linavumilika. Kwa aliyeanza matibabu akiwa na CD4, yaani chembe za kinga ya mwili, za chini kabisa, siku 90 ni za kwenda kuhani msiba. Tazama tafiti mbili zilizouliza swali lilelile la lini ARV zianzishwe. Ule wa CAMELIA, Kambodia, uliochapishwa mwaka 2011, ulionyesha kwamba kwa wagonjwa wa kifua kikuu wenye kinga dhaifu, kuanza ARV wiki ya 2 ya matibabu badala ya wiki ya 8 kulipunguza vifo kwa takriban theluthi moja. Ule wa COAT, Uganda na Afrika Kusini, wa mwaka 2014, ulihusu homa ya uti wa mgongo inayosababishwa na fangasi wa kriptokoka, na jibu likageuka: waliowahishwa ARV walifariki asilimia 45 ndani ya wiki 26, waliosubiri takriban wiki 5 walifariki asilimia 30. Tofauti hiyo ilijitokeza katika wiki chache za mwanzo. Laiti watafiti wale wangewasubiri washiriki hadi miezi mitatu ndipo waulize, vifo vyenyewe vilivyoleta jibu vingeandikwa "hajulikani alipo". Kwa hiyo katika utafiti wako, mshiriki akikosa miadi ya wiki ya pili, atafutwe wiki hiyohiyo.

Kuna pia wale ambao hawakupotea kwa sababu hawakuingia kabisa. Umeandika kwamba mshiriki atapokelewa baada ya makohozi yake kuthibitishwa kwa kipimo cha vinasaba. Kipimo ni kizuri, majibu hutoka ndani ya saa mbili, lakini mgonjwa mahututi wa VVU mara nyingi hawezi kutoa makohozi. Unampa kikopo, anakohoa, anarudisha mate. Huyo ndiye aliye karibu na kifo kuliko wenzake, na sharti lako limemfungia mlango. Ongeza kipimo cha LAM, kinachotafuta dalili za bakteria wa kifua kikuu kwenye mkojo, ambacho Shirika la Afya Duniani (WHO) lilianza kukipendekeza mwaka 2015 kwa wagonjwa wa VVU wenye hali mbaya. Kinasomeka kwenye kijikaratasi kando ya kitanda, hakihitaji umeme, na hufanya kazi vizuri zaidi pale CD4 zilipo chini. Kama ni lazima nikujibu kuhusu vifaa, basi nunueni hicho kwanza.

Mfano ninaoupenda kuliko yote wa kuhesabu bila kumwacha mtu unatoka Botswana. Utafiti wa Tsepamo uliandikisha watoto waliozaliwa katika hospitali kubwa za serikali, wakichunguzwa na wakunga walewale wa zamu. Mwaka 2018 ulitoa tahadhari: kati ya watoto 426 ambao mama zao walishika mimba wakitumia dolutegraviri, mojawapo ya ARV, 4 walikuwa na kasoro ya ubongo au uti wa mgongo. Dunia ilishtuka, na nchi kadhaa zikawazuilia wanawake dawa hiyo. Watafiti wakaendelea kuhesabu; mwaka 2019 walikuwa na watoto 5 katika 1,683, yaani kutoka takriban asilimia 0.9 hadi 0.3, na WHO ikaipendekeza dawa hiyo kwa wote, wanawake wakiwemo. Hakukuwa na maabara ya ajabu pale. Kulikuwa na daftari la wodi ya wazazi ambalo halikuruka mtu.

Mwisho ni fomu ya ridhaa, ambayo katika rasimu yako haigusi ufuatiliaji hata kidogo. Andika humo, kwa lugha ya mshiriki, kwamba akikosa miadi mnaweza kumtafuta. Muulize atafutwe kwa njia gani, na nani asiambiwe kamwe. Umruhusu akatae kutembelewa nyumbani lakini akubali simu, au kinyume chake. Fanya hivyo siku ya kwanza. Sisi tuliwahi kusahau, tukaiomba kamati ya maadili kibali cha kuwatafuta watu waliokwisha kupotea, na kamati ikatuuliza swali ambalo hatukuwa na jibu lake: huyo mnayetaka kubisha hodi kwake, aliwaruhusu lini?