Ātrs, lēns na yule jirani wako

Mwanangu Zuhura,

Unauliza asili ya neno ātrs la Kilatvia, yaani -a haraka, kwa kuwa hapo Riga gari la wagonjwa wanaliita ātrā palīdzība, msaada wa haraka. Asili yenyewe ni fupi. Ndugu yake wa karibu ni otrus ya Kilithuania, "mwepesi". Penye ā ya Walatvia, mara nyingi Walithuania wana o: kaka ni brālis kwa hao wenyeji wako, kwa majirani zao ni brolis. Kiingereza cha kale nacho kilikuwa na ǣdre, "mara moja", na wataalamu hulihesabu katika ukoo huohuo.

Lakini unanijua mimi: neno halijulikani mpaka ulisimamishe mbele ya kinyume chake. Kinyume cha ātrs ni lēns. Lēns ni -a taratibu, na pia ni -pole. Farasi asiyepiga mateke ni lēns, na wale wapole wa Mathayo 5:5 ni lēnprātīgie. Si kama Kiswahili chetu? Mpole, polepole. Basi mpole akikaa upande ule, upande huu atakaa nani kama si mwenye hasira za karibu? Ndiyo maana ātras dabas cilvēks si mkimbiaji. Ni mtu wa kuwaka upesi, kama marehemu bibi yako akikuta wali umeungua.

Na hapo ndipo panaponichoma. Yule jirani wa chini alipokwambia u ātra (kwa mwanamke huishia -a), nilikupongeza kwenye simu, wajomba zako wote wakisikia. Kumbe mlikuwa mmetoka kuzozana juu ya baiskeli ngazini!

Ila ngoja. Ātra darbā ni sifa tupu, mwepesi wa kazi. Na kama alitaka kukuita mkurupukaji, neno la straujš lilikuwapo, lenye ukoo mmoja na straume, mkondo wa maji. Hakulitumia. Au hasira zilimzidi, akashika la karibu? Hapana, Mlatvia hapotezi neno lake hivyo. Ulimi unaniwasha niseme alikusema vibaya, ila nauzuia.

Kumbuka vizuri: ulisikia ātra darbā, au ātras dabas? Hiyo s ya katikati ndiyo kesi nzima.

Mama yako