Je, filamu ya "I'm a Cyborg, But That's OK" ilikataliwa na wahakiki?

Hapana ndugu, haikukataliwa. Iliwagawa. Mwongozaji wake, Park Chan-wook wa Korea Kusini, alikuwa ametoka kumaliza filamu zake tatu za kisasi, "Oldboy" ikiwemo, halafu mwaka 2006 akaja na kichekesho cha mapenzi ndani ya hospitali ya wagonjwa wa akili. Waliozoea damu walishangaa, na huko Korea kwenyewe filamu haikufanya vizuri kwenye kumbi za sinema. Lakini kwenye tamasha la filamu la Berlin, mwaka 2007, ilipewa Tuzo ya Alfred Bauer, ile ya filamu zinazofungua njia mpya.

Waliolalamika walisema rangi na vituko vimezidi, hadithi imepwaya. Hilo nalikubali kidogo, hasa katikati. Ila nadhani waliipita sehemu yenye uzito: msichana (Im Soo-jung) anajiona mashine, anakataa chakula na kulamba betri, na kijana (Rain) habishani naye hata kidogo. Anamtengenezea kifaa cha kugeuza wali kuwa umeme, ili ale. Mapenzi ya namna hiyo ni nadra sana kwenye sinema. Itazame mpaka mwisho kabla ya kuwaamini wahakiki.