Mtoto hakusema neno, mashine imejuaje?

SWALI: Sista, habari za kazi. Mwanangu ana mwaka mmoja na miezi minne na hajasema hata "mama". Nikimwita hageuki. Mama mkwe akipiga makofi nyuma yake anageuka, kwa hiyo ananiambia nisihangaike. Nilimpeleka hospitali, wakamtia kidude chenye mpira sikioni, mashine ikachora mstari uliolala. Wakatia kidude kingine, wakasema hajapita, masikio yote mawili. Nimeambiwa ana maji ndani, nirudi baada ya miezi mitatu. Mtoto mwenyewe hakuulizwa lolote, alikuwa amelala mapajani mwangu. Mashine imejuaje? Ni kiziwi? Alipozaliwa alikuwa na manjano makali, akawekwa chini ya taa siku tano. – Mama wa watatu, Busia

JIBU: Mama, nianze na makofi ya bibi. Mdogo wangu aliugua homa ya uti wa mgongo akiwa na miezi tisa, kwetu Arua. Nyumbani tulimpima kwa kugonga sufuria. Kila tulipogonga aligeuka, nasi tukamshukuru Mungu. Kumbe alikuwa anahisi mtikisiko wa sakafu na kuona kivuli cha mkono. Tulijua ukweli akiwa na miaka sita, tayari yuko shuleni. Ndiyo sababu nikaingia kazi hii ya kupima masikio, na ndiyo sababu nakuomba msimpime tena kwa makofi.

Mashine haimuulizi mtoto, inaliuliza sikio. Kidude cha kwanza huziba njia ya sikio, kikatoa mlio mzito huku kikisukuma hewa kidogo na kuivuta. Sauti nyingine hupita kwenye kiwambo, ile ngozi nyembamba iliyo mwisho wa njia ya sikio, nyingine hurudi, na mashine hupima hiyo inayorudi. Kiwambo kinachocheza vizuri huchora kilima chenye kilele. Nyuma yake pakijaa maji hakichezi, mstari unalala. Lakini mstari hulala vilevile kiwambo kikiwa kimetoboka, au nta ikiwa imeziba njia. Kwa hiyo sisi husoma pia namba ya ujazo iliyoandikwa pembeni: ikiwa kubwa kupita kawaida, huenda kiwambo kimetoboka, ikiwa ndogo mno, nta imeziba au kidude kimegusa ukuta wa njia, ikiwa ya kawaida, tunafikiria maji. Waombe wakusomee namba hiyo. Na kipimo hiki hakisemi mtoto anasikia kiasi gani. Hakisemi kabisa.

Cha pili kinanistaajabisha mpaka leo. Sikio lenye afya hutoa sauti yake lenyewe! Mwaka 1978 David Kemp, huko London, alionyesha kwamba ukilipigia sikio mlio mfupi, sehemu ya ndani iliyojikunja kama konokono hujibu kwa mwangwi hafifu, na maikrofoni ndogo huunasa. Wanaojibu ni seli zenye vinyweleo. Sasa mwangwi huo lazima utoke kupitia sikio la kati, yaani nafasi iliyo nyuma ya kiwambo, na la mwanao limejaa maji. Seli zake zinaweza kuwa nzima kabisa na mwangwi usitoke. Kwa hiyo hilo neno "hajapita" halijathibitisha uziwi, wala halijaukanusha.

Kwa upande wa maji, miezi mitatu ni ushauri mzuri. Mara nyingi hukauka yenyewe, kadiri mrija unaounganisha sikio na koo unavyofunguka. Ila kwa mwanao mimi nisingesubiri, kwa sababu ya yale manjano. Manjano makali yanaweza kuumiza njia ya sauti kutoka sikioni kwenda ubongoni, na seli zile zikabaki nzima. Mtoto wa namna hiyo anaweza kupita kipimo cha mwangwi vizuri sana na bado asielewe sauti. Maji yakiisha na mashine ikasema amepita, usikubali faili lifungwe hapo.

Kinachohitajika ni kipimo cha tatu. Vibandiko huwekwa kwenye paji la uso na nyuma ya masikio, mtoto akiwa usingizini, kisha husikilizishwa milio mifupi zaidi ya elfu. Kompyuta hukusanya umeme mdogo wa mshipa wa kusikia unaotokea ndani ya milisekunde 10 hivi baada ya kila mlio. Milio inaweza pia kupitishwa kwa kutetemesha mfupa wa nyuma ya sikio, ikayakwepa maji, kwa hiyo hayo maji si sababu ya kungoja.

Rudi hospitali wiki hii uombe barua ya rufaa. Kampala, pa kuulizia ni kitengo cha masikio, pua na koo cha Mulago. Chukua karatasi za tangu alipozaliwa, na hayo manjano yataje wewe mwenyewe kabla hujaulizwa. Siku ya kipimo usimwache alale ndani ya gari kutoka Busia, hata akilia njia nzima. Mnyonyeshe mkishafika.