Mwani kupima madini ya risasi hori ya Makupa: yawezekana, ila si kwa macho

Dada, nimekuelewa: kikundi chenu kinataka kujua kama hori ya Makupa, Mombasa, upande wa Kibarani palipokuwa jaa la taka, ina risasi, yale madini mazito yenye sumu, na mmeambiwa mwani ukiwa kijani maji ni safi. Si kweli. Mwani waweza kunawiri huku umebeba madini mazito.

Faida yake ni kwamba huyafyonza kidogo kidogo na kuyalimbikiza, hivyo huonyesha hali ya wiki kadhaa, si ya siku moja kama chupa ya maji. Chumeni aina moja tu. Ule mpana wa kijani unaofanana na letasi, Ulva, unafaa. Chumeni uleule pia mbali na jaa na bandari, mpate cha kulinganisha. Suuzeni kwa maji ya palepale mpaka tope litoke, maana tope lenyewe hubeba madini na kuharibu majibu. Tumieni mifuko safi ya plastiki, si vyombo vya bati.

Kupima ni kazi ya maabara. Waulizeni KMFRI, taasisi ya utafiti wa bahari na uvuvi, pale Mkomani, na gharama mziulize kabla ya kuchuma. Ila majibu ya mwani hayawaambii kama chaza au samaki wa hapo wanalika. Hao hupimwa wenyewe. Na vaeni viatu, vipande vya chupa havikosekani.